Mstaafu wa jeshi Kanda ya Ziwa: namna ya kutibiwa karibu na nyumbani

Aliyepigana Vita vya Kagera akiwa kijana wa miaka 20 sasa amepita 65. Presha imeingia, magoti yanagoma, jicho moja lina mtoto wa jicho, na huenda kipande cha chuma alichorudi nacho kutoka Uganda mwaka 1979 bado kimo pajani. Uliza familia nyingi za Magu, Sengerema au Ukerewe mzee wao atatibiwa wapi, jibu la kwanza ni Lugalo, kana kwamba Dar es Salaam ni kituo cha daladala kinachofuata. Lugalo ni Hospitali Kuu ya Jeshi na kuna wagonjwa wanaostahili kufikishwa huko. Presha si mojawapo.

Ni nadra sana wastaafu wa huku kwetu kukwama kwa kukosa hospitali. Mara nyingi kinachowakwamisha ni karatasi zisizolingana, ni rufaa zinazopanda bila kushuka, na ni maji ya ziwa wanayolazimika kuyavuka. Ukiyapanga hayo matatu, sehemu kubwa ya matibabu ya mzee itafanyika wilayani kwake, na Mwanza mjini ataonekana mara chache tu kwa mwaka. Mwongozo huu ni kwa mstaafu mwenyewe, na zaidi kwa mtoto au mjukuu anayemsindikiza, kwa sababu ndiye atakayezunguka na karatasi.

Hatua ya 1: Hesabu saa, usihesabu kilomita

Chukua daftari. Andika vituo vyote ambavyo mzee anaweza kufika: zahanati ya kijiji, kituo cha afya cha kata, hospitali ya wilaya, Sekou Toure ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, Bugando ambayo ni ya kanda nzima, na hospitali ya jeshi iliyoko Mwanza. Mbele ya kila kimoja andika muda wa mlango hadi mlango, nauli ya watu wawili, na kama mnaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kulala mjini ndiko kunakomaliza pesa za wazee, kuliko hata dawa.

Wamarekani walilijifunza hili kwa kuzunguka. Sheria yao ya mwaka 2014 ilimruhusu mwanajeshi mstaafu kutibiwa kwa daktari wa karibu ikiwa anaishi zaidi ya maili 40, yaani kama kilomita 64, kutoka kituo cha afya cha idara yao ya wastaafu. Baadaye wakaona maili hazisemi kweli. Sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2019, ikaweka dakika: wastani wa dakika 30 za kuendesha gari kwa matibabu ya kawaida na ya afya ya akili, dakika 60 kwa daktari bingwa. Ya kwao yabaki kwao, sisi hatuna sheria ya namna hiyo. Kipimo chao tu ndicho nakiazima, maana pembeni mwa ziwa kilomita ni uongo mtupu. Kisiwa unachokiona kwa macho kinaweza kukuchukua siku nzima.

Hesabu hiyo irudiwe kila mambo yanapobadilika. Mfano mkubwa ni Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, la kilomita 3, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Zamani mtu wa Sengerema au Buchosa alipanga safari ya Bugando kwa kubahatisha foleni ya kivuko. Familia nyingi zilikata tamaa na kliniki za Mwanza enzi hizo na hazijarudi kuuliza tena. Zirudi kuuliza.

Hatua ya 2: Bahasha moja, majina yanayolingana

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapoangukia.

Weka vitu hivi kwenye bahasha moja ya kaki, na fotokopi zake kwenye nyingine:

- kitambulisho cha NIDA, au angalau namba yake
- hati ya kustaafu au ya kuachishwa jeshi, yenye namba ya jeshi, cheo na kikosi cha mwisho
- kitambulisho cha mstaafu na karatasi yoyote ya malipo ya pensheni
- kadi ya bima, ikiwa ipo
- cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya wanaomtegemea
- karatasi za hospitali za nyuma, hata zile zilizochakaa, hasa za jeraha alilopata kazini

Sasa zipange mezani na usome majina, herufi kwa herufi. Vijana wengi wa Usukumani waliandikishwa jeshini kwa jina la nyumbani na la baba. NIDA ilipokuja wakatoa jina la ubatizo kwanza. Cheti cha ndoa kina jina la tatu. Kwa macho yako ni mtu mmoja, kwa kompyuta ya bima ni watu watatu. Usingoje kugundua hilo dirishani huku mzee amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Nenda kwa wakili au mahakamani mkaandikishe hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu huyohuyo, kisha nakala ipelekwe kwa kila ofisi inayomhusu. Herufi moja, kama L iliyoandikwa R, nayo ni tofauti. Usiidharau.

Kama hati ya jeshi imepotea, usianze na safari ya Dar es Salaam. Toa taarifa polisi upate karatasi ya upotevu, kisha nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya umwone Mshauri wa Mgambo. Huyo ni mwanajeshi aliye kazini, yupo wilayani kwako, na anajua barua ya namna hiyo inaandikwaje na inapita wapi. Wastaafu wengi wanasahau kwamba jeshi lina mtu karibu nao kiasi hicho.

Hatua ya 3: Jua nani anayelipa

Usimpeleke mzee hospitali kabla ya kujibu swali hili. Mlango wa kwanza ni jeshi lenyewe. Hospitali za jeshi hutibu wanajeshi, familia zao na raia pia. Mstaafu aende na hati zake, aulize mapokezi anahesabiwa kundi gani na nini atachangia. Aulize kwa upole, na aandike jibu.

Mlango wa pili ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF. Usiangalie jeshi peke yake. Wapo waliotoka jeshini wakaajiriwa halmashauri au shirika la umma na kukatwa mchango huko. Mtumishi wa umma aliyetimiza masharti ya Mfuko huendelea kutibiwa baada ya kustaafu, yeye na mwenzi wake. Na wapo, wengi kuliko unavyodhani, ambao mke ni mwalimu au muuguzi: mzee anaweza kuwa kwenye kadi ya mkewe. Maafande wengine hawapendi kuandikwa wategemezi wa wake zao. Wameze tu hiyo fahari, dawa za presha ni za kila siku.

Mlango wa tatu ni msamaha wa wazee. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mtu wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Neno linalobeba uzito hapo ni «asiye na uwezo». Lazima atambuliwe. Safari huanza kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji au mtaa, ikaenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mwisho wake ni kitambulisho cha matibabu cha mzee. Pensheni ndogo haimwondoi mtu moja kwa moja, ila ataulizwa, na ni bora aseme ukweli wote kuhusu watu anaowalisha. Kitambulisho hicho kitafutwe mzee akiwa mzima. Kukitafuta akiwa wodini ni kazi ya machozi.

Wa nne ni Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, ambao mikoani ulikuwa ukitozwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kwa ngazi za chini ulitosha. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaupanga upya mfumo mzima, uliza halmashauri utaratibu wa sasa kabla ya kulipa. Kumbuka pia kwamba dawa za TB na za VVU hutolewa bure kwa kila mtu, mwenye kadi na asiye nayo.

Hatua ya 4: Anzia chini, lakini usiishie chini

Ngazi zetu ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda, halafu taifa. Kuruka ngazi bila barua huleta gharama ambazo bima na msamaha huenda visizibebe. Kwa hiyo mpeleke mzee kwanza hospitali ya wilaya: Magu, Misungwi, Ngudu kwa watu wa Kwimba, Nansio kwa Ukerewe, hospitali teule ya Sengerema, Butimba kwa Nyamagana, au ile ya Ilemela kwa watu wa huko. Afunguliwe faili hapo. Apimwe presha, sukari, mkojo, figo na macho, na majibu yaandikwe.

Wilaya ikisema haiwezi, omba barua ya rufaa. Isome kabla hujaondoka. Barua nzuri inataja ugonjwa unaoshukiwa, vipimo vilivyokwisha kufanyika na majibu yake, dawa anazotumia kwa majina na dozi, na kliniki anayopelekwa. Barua ya mstari mmoja, «mgonjwa apelekwe Bugando kwa matibabu zaidi», itamfanya arudie vipimo vyote na alipie upya. Una haki ya kumwomba daktari aongeze. Sema tu, «Daktari, naomba uniandikie na majibu ya damu, tusirudie kule.» Wengi hawakasiriki.

Kabla ya kufunga safari, uliza jambo moja zaidi: madaktari bingwa watakuja lini? Tangu mwaka 2024 kambi za Madaktari Bingwa wa Rais Samia zimekuwa zikipita kwenye hospitali za halmashauri na kukaa siku kadhaa. Ratiba huwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Goti au tezi dume isiyo ya dharura inaweza kuangaliwa palepale wilayani, mzee akalala kwake.

Dharura haina ngazi. Mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea, maneno hayaeleweki: hicho ni kiharusi, na kila saa ina thamani. Kimbilia kituo cha karibu chenye daktari, barua itaandikwa baadaye.

Hatua ya 5: Hakikisha rufaa inashuka

Kama utachukua kitu kimoja tu humu, kiwe hiki. Watu wetu wanajua rufaa ya kupanda. Mzee akishafika Bugando na kuandikiwa kliniki ya kila mwezi, familia inaona imefika peponi, na kuanzia hapo kila mwezi ni nauli mbili, chakula, na pengine nyumba ya wageni, kwa ajili ya kupimwa presha na kupewa vidonge vilevile vinavyopatikana Nansio au Ngudu. Baada ya miezi michache nauli inakosekana. Kliniki inakatika. Kiharusi kinakuja.

Mkiwa mbele ya bingwa, mwombeni aandike barua ya kurudi wilayani. Iwe na mambo manne: ugonjwa ni upi, dawa gani kwa dozi gani, kipimo gani kirudiwe wilayani na baada ya muda gani, na dalili zipi zikionekana mzee apelekwe tena juu. Mwulize pia kama dawa alizoandika zinapatikana hospitali ya wilaya au kuna nyingine ya kundi hilohilo inayopatikana. Bingwa aliyezoea Mwanza mjini hafikirii sana duka la dawa la Kahunda. Mkumbushe wewe.

Barua hiyo ipelekwe wilayani wiki hiyohiyo, iingie kwenye faili. Mwone mganga au muuguzi wa kliniki ya magonjwa sugu, mfahamiane kwa jina. Toka hapo mzee aende Mwanza mara moja kila baada ya miezi sita, au kadri bingwa alivyopanga, na miezi ya katikati amalizane na wilaya. Yapo ya kubaki juu, bila ubishi, kama mionzi ya saratani na usafishaji wa damu kwa wenye figo zilizoshindwa.

Hatua ya 6: Yale ambayo daktari wa raia hatauliza

Daktari kijana wa wilayani alizaliwa miaka mingi baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hatajua kuuliza. Mzee ajitambulishe kuwa alikuwa jeshini, na aseme haya.

Vyuma mwilini. Mwenye kipande cha risasi au bomu aseme kabla ya kipimo chochote cha picha, hasa MRI. Mashine hiyo ni sumaku yenye nguvu kubwa, na chuma kilicho karibu na jicho, mshipa au uti wa mgongo kinaweza kusogea na kumdhuru. Eksirei na CT hazina tatizo hilo, na eksirei ya kawaida wilayani inatosha kuonyesha chuma kiko wapi. Picha hiyo iingie kwenye bahasha.

Masikio. Waliokaa na mizinga wengi wamepoteza usikivu, na nyumbani wanaambiwa ni wabishi au wameanza kusahau. Aende kliniki ya masikio, pua na koo.

Usingizi na hasira. Anashtuka usiku, anapiga kelele, hakai na mgongo kwenye mlango, anakwepa habari za vita, pombe imekuwa ndiyo dawa ya kulala. Kuna tiba, ya mazungumzo na ya vidonge. Halmashauri ina mratibu wa afya ya akili, na Bugando ina idara yake, kwa hiyo safari ya Mirembe, hospitali ya akili iliyoko Dodoma, si lazima. Najua wengi watakuwa wamepita kwa mganga wa kienyeji kwanza. Sitagombana na mtu juu ya hilo, ila daktari aambiwe dawa zozote za miti alizokunywa.

Mkojo. Unatoka kwa kusuasua, anaamka mara nyingi usiku. Wanajeshi wanavumilia mpaka unaziba kabisa, wanarudi na mpira wa kutolea mkojo. Tezi dume ipimwe mapema, pamoja na kipimo cha damu cha PSA kama daktari ataona kinafaa.

Kichocho. Hiki ni cha ziwa letu, hakina cheo. Aliyekulia ufukweni au anayevua hadi leo aseme hivyo. Kichocho cha matumbo cha miaka mingi huharibu ini, tumbo likajaa au akatapika damu, na watu wakadhani ni pombe.

Hatua ya 7: Walio visiwani

Mtu wa Ukerewe ana njia mbili: meli ya Nansio–Mwanza, au kivuko cha Rugezi–Kisorya kisha barabara ya Bunda. Ya pili ni ndefu kwenye ramani, lakini meli ikikosekana ndiyo inayookoa, na Bunda nako kuna hospitali. Jua ratiba zote mbili na namba ya simu ya mtu mmoja kila gati. Hakuna ratiba ya saa nane usiku, kwa hiyo mzee mwenye moyo au pumu inayomsumbua asingoje azidiwe. Akianza kubadilika mchana, avushwe mchana.

Ukara ni habari nyingine. Baada ya MV Nyerere kupinduka tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, sehemu ya rambirambi ilitumika kujenga Kituo cha Afya cha Bwisya. Kianzieni hicho. Chombo kikijaa, shuka, hata kama tarehe ya kliniki ni kesho. Kliniki itapangwa tena.

Ukifika Mwanza na mzee mwenye mguu mbovu, usimpandishe kilima cha Bugando kwa miguu ili kuokoa nauli ya bajaji. Fika alfajiri, ulizia dirisha la wazee, lipia kwa kumbukumbu namba uliyopewa, na kila risiti iingie kwenye bahasha.

Hatua ya 8: Nendeni kama kombania

Mzee mmoja akiomba, anasikilizwa. Wazee 20 wakiandika barua moja, inajibiwa. Wastaafu wa kata moja wakutane, waorodheshe majina, umri, magonjwa na saa za safari kutoka ile hatua ya 1. Kwa orodha hiyo mnaweza kumwendea Mganga Mkuu wa Wilaya na ombi linalotekelezeka: siku moja ya mwezi kwa wastaafu na wazee kwenye kituo cha afya cha kata, au muuguzi wa magonjwa sugu afike kisiwani na dawa za miezi miwili. Nakala kwa diwani, Mshauri wa Mgambo na baraza la wazee. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, na maadhimisho ya Jeshi tarehe 1 Septemba ni nafasi za kuonana na wakubwa ana kwa ana. Wakati wa maadhimisho hayo ya Septemba jeshi limekuwa pia likipima watu afya bure, basi ulizieni mapema mwaka huu watapima wapi.

Ikigoma

Ukikataliwa huduma, usianze kwa kupaza sauti dirishani. Omba kumwona afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kisha mganga mfawidhi. Simu za wasimamizi huwa zimebandikwa ukutani. Andika tarehe, saa, dirisha na maneno uliyoambiwa. Suala la kadi lipeleke ofisi ya NHIF Mwanza, la msamaha kwa Mkurugenzi wa halmashauri, la pensheni Hazina au kwenye mfuko unaokulipa. Kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Na mjane asikae kimya. Mstaafu akifariki, ndani ya wiki chache chukua cheti cha kifo na cha ndoa, nenda bima na kwa anayelipa pensheni, uulize haki ya mama ni ipi na inadumu hadi lini. Ulizeni kabla kadi haijasoma kwamba imefungwa.